Plasta ya nje kwa majengo ya zamani Kampala: saruji au chokaa?

Plasta ya jengo la zamani inapoanza kubanduka, dawa ya haraka mjini Kampala ni mfuko wa saruji. Hata hivyo, kwa kuta za mawe na matofali laini zilizojengwa kabla ya saruji kuwa bidhaa ya kawaida nchini Uganda, dawa hiyo inaweza kukidhuru kile kile inachokusudiwa kukilinda. Uchaguzi wa plasta huanzia kwenye ukuta, si dukani.

Kuta za mawe chini, matofali juu

Anayezungumzia majengo ya mawe katika Afrika Mashariki huifikiria kwanza pwani: Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, ambako kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Kampala ina historia nyingine. Mawe yalipasuliwa katika vilima vyake, lakini mara nyingi yalitumika kwa misingi na sehemu ya chini ya ukuta. Juu yake yalipangwa matofali ya udongo wa mabondeni au wa vichuguu, yaliyochomwa kwa kuni katika matanuri ya kienyeji.

Moto wa matanuri hayo haukulingana. Tofali lililokaa katikati lilitoka gumu na jekundu sana, la pembeni likatoka laini na lenye rangi hafifu. Yote mawili yangeweza kukutwa katika ukuta mmoja. Waashi waliyaunganisha kwa udongo, kwa chokaa, au kwa mchanganyiko wa vitu hivyo viwili, kwa sababu saruji ilikuwa haba na ya bei kubwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ya Uganda ilivushwa Ziwa Viktoria kwa meli hadi reli ilipofika Kampala yenyewe mwaka 1931. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kila mfuko uliotumika kabla ya hapo uliletwa kutoka mbali.

Ndiyo maana mwaka wa ujenzi ni taarifa ya kwanza ambayo mwenye jengo anapaswa kuitafuta. Nyumba ya mwaka 1925 na nyumba ya mwaka 1958 zinaweza kusimama bega kwa bega katika mtaa mmoja, zikiwa na rangi moja na bati la aina moja, huku kuta zake zikiwa vitu viwili tofauti kabisa.

Ukuta unaopokea maji na kuyarudisha

Ukuta wa kisasa wa zege hujaribu kuyazuia maji yasipenye. Ukuta wa zamani hufanya kazi kwa njia nyingine: huyapokea kidogo wakati wa mvua, kisha huyarudisha hewani jua linapowaka. Unene wake huyapunguza maji kabla hayajafika ndani, na vinyweleo vya tofali, udongo na chokaa huruhusu unyevu utoke taratibu.

Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, zikigawanyika hasa katika misimu miwili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Mvua hizo huja kwa kishindo, na mara nyingi jua kali hufuata ndani ya saa chache. Kwa hiyo ukuta hulowa na kukauka mara nyingi katika mwaka. Mzunguko huo haudhuru jengo la zamani mradi njia ya kukaukia iko wazi. Madhara huanza njia hiyo inapozibwa.

Katika mfumo huo plasta ya nje ilikuwa na kazi inayofahamika kwa waashi wa zamani. Ilikuwa ngozi ya ukuta. Ilipigwa na mvua na jua kwa niaba ya tofali, ikachakaa, ikazibwa viraka, na baada ya miaka mingi ikabadilishwa. Plasta kuchakaa hakukuwa kasoro ya kazi, kwa kuwa kilichopaswa kudumu ni ukuta wenyewe.

Saruji inavyodhuru bila kuonekana

Plasta ya saruji ya kawaida, ile ya sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu au nne za mchanga, ni ngumu kuliko tofali laini na ina vinyweleo vidogo zaidi. Inapopigwa juu ya ukuta wa zamani, hupendeza kwa mwaka wa kwanza au wa pili. Kisha joto la mchana na baridi ya usiku huufanya ukuta na plasta kutanuka na kunywea kwa viwango visivyolingana, na nyufa nyembamba kama unywele hutokea.

Nyufa hizo hunyonya maji ya mvua, na maji yakishaingia nyuma ya plasta hayana pa kutokea. Hujikusanya kwenye tofali na katika udongo unaoshikilia matofali. Udongo hulainika na tofali laini huanza kuwa unga. Chumvi iliyomo ardhini na katika matofali huyeyuka, husafiri na maji, kisha huganda nyuma ya plasta na kuisukuma itoke. Mwenye nyumba huona madoa meupe, rangi inayovimba na harufu ya ukungu chumbani, akadhani plasta haikuwa nene ya kutosha. Mara nyingi hatua yake inayofuata ni kuongeza saruji.

Katika mazingira ya Kampala kuna hatari nyingine: mchwa. Nyumba nyingi za zamani zina mbao juu ya milango na madirisha, na vichwa vya boriti za ghorofa vimeingizwa ukutani. Mbao inayokaa na unyevu huoza na kuwavutia mchwa, na plasta ngumu huficha uharibifu huo hadi siku kipande cha ukuta au cha dari kinaposhuka.

Hatari ya mwisho ni ya mpita njia. Chokaa inapochoka hubanduka vipande vidogo na kumwagika kama unga. Saruji iliyoachana na ukuta hushikana kama ubao mmoja, na inapoanguka kutoka ghorofani huanguka bamba zima. Katika mitaa ya katikati ya Kampala, ambako wachuuzi, abiria wa bodaboda na wateja wa maduka husimama chini ya kuta hizo kutwa nzima, suala hili si la urembo.

Kuuchunguza ukuta kabla ya kununua chochote

Uchunguzi wa awali hauhitaji maabara. Fundi anaweza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo: mlio mzito huonyesha plasta bado imeshikana, na mlio wa kitu kilicho wazi huonyesha imeachana na tofali. Sehemu hizo huwekewa alama kwa chaki hadi ramani ya ukuta mzima ipatikane.

Baada ya hapo hubanduliwa vipande vidogo mahali pasipoonekana sana, kimoja karibu na ardhi, kimoja katikati na kimoja chini ya paa. Plasta ya kijivu iliyo ngumu kukwaruzwa kwa msumari huwa ni saruji. Plasta nyeupe au ya rangi ya maziwa, inayokwaruzika na yenye chembe ndogo nyeupe ndani yake, huwa ni chokaa. Kipande cha plasta ya udongo kikitiwa katika glasi ya maji hulegea na kuyeyuka. Ukuta mmoja unaweza kuwa na tabaka zote tatu, na mpangilio wa tabaka hizo ndio historia ya ukarabati wake.

Baada ya plasta huangaliwa tofali na kile kinachoyashikilia matofali. Tofali linalochimbika kwa ncha ya kisu ni laini, na halipaswi kubebeshwa plasta ngumu kuliko lenyewe. Sehemu ya chini yenye mawe magumu hutazamwa peke yake, kwa sababu jiwe hunyonya maji kidogo sana kuliko tofali lililo juu yake. Plasta inayoshika vyema kwenye tofali inaweza kukataa kushika kwenye uso laini wa jiwe.

Mwisho huulizwa swali ambalo mafundi wengi hulisahau: maji yanatoka wapi? Mifereji ya paa iliyotoboka, bomba linalovuja, na barabara iliyoinuliwa mwaka hadi mwaka hadi ikaipita sakafu ya jengo ni mambo ya kawaida katika mji uliojengwa kwenye miteremko. Sakafu ya zege iliyomwagwa ikagusa ukuta huyasukuma maji ya ardhini yapande ndani ya tofali. Hakuna plasta inayoweza kuponya mfereji uliotoboka. Maji yakiondolewa kwanza, huenda ikagundulika kwamba plasta iliyopo inahitaji viraka tu.

Njia zinazoweza kuchaguliwa

Njia ya kwanza ni kutopiga plasta kabisa. Kanisa Kuu la Namirembe, lililojengwa kati ya mwaka 1915 na 1919 baada ya kanisa lililotangulia kupigwa na radi na kuteketea mwaka 1910, limebaki na matofali yake mekundu wazi. Ukuta uliokusudiwa kuonekana tangu mwanzo, wenye matofali magumu na maungio mazima, hauna haja ya kufunikwa. Unachohitaji ni maungio yake kujazwa upya kwa chokaa pale yalipomomonyoka. Kinyume chake pia ni kweli: ukuta uliojengwa ili upigwe plasta ukivuliwa na kuachwa uchi kwa ajili ya mtindo, matofali yake laini huliwa na mvua.

Njia ya pili ni plasta ya chokaa na mchanga. Ndiyo inayofaa kuta nyingi za kabla ya mwaka 1950 zilizojengwa kwa tofali laini, udongo au chokaa. Ni laini kuliko ukuta, huvumilia misogeo midogo bila kupasuka ovyo, na huruhusu unyevu kutoka. Udhaifu wake ni kukauka polepole, na kuhitaji fundi mwenye subira.

Njia ya tatu ni chokaa iliyotiwa nguvu kwa unga wa matofali yaliyochomwa vizuri na kusagwa, au kwa majivu ya volkano. Warumi walijenga kwa njia hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na waashi wa Bara Hindi wameitumia kwa karne nyingi. Unga huo huifanya chokaa igande hata penye unyevu, bila kuwa ngumu kama saruji. Unafaa sehemu za chini za ukuta zinazorushiwa matope, pamoja na pande zinazopigwa sana na mvua.

Njia ya nne ni mchanganyiko wa saruji kidogo na chokaa nyingi, kwa mfano sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga. Hufaa matofali magumu yaliyounganishwa kwa chokaa yenye nguvu, au majengo ya kipindi cha mpito ambayo tayari yana saruji ndani ya kuta. Kwa ukuta wa udongo na tofali laini haifai.

Njia ya tano ni plasta ya saruji. Majengo ya zege na ya matofali ya saruji yaliyoenea Kampala kuanzia miaka ya 1950 yalibuniwa nayo, na hakuna sababu ya kuyavisha chokaa kwa kudhani kwamba kila kilicho cha zamani ni chokaa.

Kanuni inayoziunganisha njia zote ni moja: plasta iwe dhaifu kidogo kuliko ukuta inaoufunika, na ipitishe unyevu kwa urahisi angalau sawa na ukuta huo. Hata tabaka za plasta zenyewe hufuata utaratibu huo, kwa maana tabaka la nje halipaswi kuwa gumu kuliko la ndani.

Mafunzo kutoka pwani

Elimu ya chokaa haijapotea Afrika Mashariki. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa na kufunikwa kwa chokaa. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati jengo la Dispensari ya Zamani kandokando ya bandari, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan. Nakshi zake za plasta ni miongoni mwa mapambo yanayotambulika zaidi mjini humo. Huko Lamu, waashi walisifika kwa niru, yaani chokaa laini iliyopakwa na kusuguliwa hadi ikang'aa.

Pwani hiyo hiyo imetoa pia onyo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la ukubwa ule haliangushwi na plasta peke yake. Tukio hilo linakumbusha jambo pana zaidi: ukuta wa zamani unaweza kusimama kwa sura nzuri huku nguvu zake zikiisha kwa ndani, na kazi ya ukarabati ni ya hatari kama haikutanguliwa na uchunguzi.

Kuna tofauti moja ambayo fundi wa Kampala anapaswa kuizingatia. Tumbawe ni jiwe lenye vinyweleo vingi, na plasta ya chokaa huliingia na kulishika. Mawe magumu ya misingi ya Kampala hayako hivyo. Ili plasta ishike juu yake, maungio kati ya mawe husafishwa na kuchimbwa kidogo, kisha tabaka la kwanza hurushwa kwa nguvu kwa mwiko badala ya kupakwa, ili libaki na uso wa kukwaruza unaoshika tabaka linalofuata.

Chokaa ipi, mchanga upi

Neno chokaa linataja bidhaa kadhaa, na kuzichanganya ni kosa la gharama kubwa. Chokaa ya ujenzi hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kisha kuyazima kwa maji. Inapokauka ukutani hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe taratibu. Chokaa ya kilimo, inayouzwa kwa ajili ya kupunguza asidi ya udongo, mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Hiyo haishiki kitu, na haiwezi kuwa plasta.

Uganda ina mawe ya chokaa katika maeneo ya magharibi kama Kasese na mashariki karibu na Tororo. Chokaa bora kwa plasta ni ile iliyozimwa kwa maji mengi na kuhifadhiwa ikiwa rojo kwa wiki kadhaa, na ikiwezekana kwa miezi, chini ya tabaka jembamba la maji. Chokaa ya unga iliyofungwa mifukoni pia hutumika, mradi iwe mpya na ilowekwe usiku kucha au zaidi kabla ya kuchanganywa. Mfuko uliokaa dukani ukiwa wazi huwa umekwisha kufyonza hewa na kupoteza nguvu.

Mchanga una uzito sawa na chokaa katika uamuzi. Ule unaofaa una chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, zenye kingo kali, na umeoshwa udongo. Mchanga wa ziwani ulio laini na wa mviringo hutoa plasta inayopasuka. Jaribio rahisi ni kutia mchanga na maji katika chupa, kuitikisa na kuiacha itulie: tabaka nene la tope juu ya mchanga ni ishara kwamba unahitaji kuoshwa. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Unga wa tofali ukitumika, unaweza kuwa nusu sehemu, na mchanga ukapunguzwa hadi sehemu mbili na nusu.

Usalama hautenganishwi na kazi hii. Chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Mafundi wanahitaji glavu, miwani na maji safi karibu. Chokaa isiyozimwa hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Kumwagia maji juu ya lundo lake kunaweza kuyafanya yachemke ghafla na kuruka.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kuondoa plasta ya saruji ya zamani kunahitaji uangalifu kuliko kuipiga. Patasi na nyundo ndogo hutumika, kuanzia sehemu zilizoachana na ukuta. Pale ambapo saruji imeshikana kiasi kwamba hung'oka na uso wa tofali, ni heri iachwe kuliko kuliharibu tofali. Baada ya hapo ukuta hupewa muda wa kukauka, na tofali zilizooza hubadilishwa kwa nyingine zinazolingana nazo kwa ulaini.

Ukuta hulowanishwa kabla ya kupigwa plasta, bila kuachwa ukitiririka maji. Plasta hupigwa kwa tabaka mbili au tatu, kila moja isizidi unene wa takriban milimita 10. Tabaka la kwanza hukwaruzwa na kuachwa ligande, mara nyingi kwa wiki moja au zaidi kutegemea hali ya hewa, kabla ya jingine kuongezwa. Katika muda wote huo jua la Kampala ni adui: chokaa inayokaushwa kwa siku moja hupasuka na kuwa unga. Magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele ya ukuta na kunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku, kwa siku kadhaa. Miezi ya Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, hufaa zaidi kuliko kilele cha mvua, kwa sababu mvua kubwa huosha chokaa ambayo haijagandamana.

Rangi inaweza kuubatilisha uamuzi wote. Rangi ya mafuta, au rangi nzito ya plastiki inayotangazwa kuzuia mvua, hufunga vinyweleo kama saruji inavyofanya. Kinachokubaliana na plasta ya chokaa ni chokaa ya kupaka, iliyo nyepesi kama maziwa, kwa mikono minne au mitano, ikiwa na rangi za madini kama udongo mwekundu au wa manjano. Desturi ya Kampala ya kupaka rangi nyeusi au ya kahawia chini ya ukuta ili kuficha matope mekundu inaweza kuendelea kwa rangi hizo za madini. Changarawe ikimwagwa kando ya ukuta badala ya zege, matope yenyewe hupungua.

Kabla ya kuufunika ukuta mzima, ni busara kupiga kipande cha jaribio cha mita moja ya mraba, upande unaopigwa na mvua, na kukiacha kipite msimu mmoja. Kipande hicho kitasema zaidi kuliko ahadi ya fundi au ya muuzaji.

Majina yaliyoandikwa kwa plasta

Katika miji ya Uganda, zikiwemo Kampala na Jinja, baadhi ya maduka ya ghorofa yaliyojengwa na familia za asili ya Asia yana jina la mwenye jengo au mwaka wa ujenzi juu ya kipaa cha mbele. Maandishi hayo hayakupakwa rangi, bali yalifinyangwa kwa plasta. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Mali zao ziliwekwa chini ya bodi ya uangalizi, na nyingi zilirejeshwa kwa wenyewe au kwa warithi wao katika miaka ya 1990. Katika miongo hiyo majengo mengi yalitumika bila matengenezo ya maana.

Kwa majengo ya aina hiyo, plasta ndiyo kumbukumbu. Ikibomolewa yote ili kazi iende haraka, jina na tarehe huondoka nayo na hakuna hati itakayoyarudisha ukutani. Hivyo sehemu zenye maandishi na mapambo hupigwa picha na kupimwa, huchukuliwa umbo kwa karatasi au kwa udongo, na hushikizwa upya kwa chokaa nyembamba inayopenyezwa nyuma yake. Pale zilipokwisha kuvunjika, hufinyangwa tena kwa kufuata vipimo.

Ruhusa, gharama na uamuzi

Kazi za ujenzi mjini husimamiwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kazi kuanza. Kwa majengo yaliyotambuliwa kuwa ya kihistoria, Idara ya Makumbusho na Minara iliyo chini ya wizara ya utalii ndiyo ya kushauriwa. Taasisi ya CCFU nayo imekuwa ikiorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Jinja na Entebbe, na orodha hizo humsaidia mwenye jengo kujua thamani ya alichonacho. Tangu mwaka 2023 Uganda ina sheria mpya ya makumbusho na minara, iliyochukua nafasi ya ile ya miaka ya 1960.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya chokaa ni gharama. Ni kweli kwamba kazi yake huchukua wiki nyingi zaidi, jukwaa la mafundi hukodiwa kwa muda mrefu, na wapangaji wa maduka hulalamika. Lakini hesabu hiyo haijakamilika mpaka iongezwe bei ya kuirudia plasta ya saruji kila inapovimba, ya kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, na ya tofali ambazo haziwezi tena kushika chochote. Plasta ya chokaa yenye kasoro huzibwa kiraka. Ukuta uliooza nyuma ya saruji hujengwa upya, kama bado umesimama.

Kwa mwenye jengo la zamani, basi, maswali ya kumuuliza fundi ni machache na yanatosha: ukuta huu umejengwa kwa nini, maji yanaingilia wapi, na yakishaingia yatatokea wapi? Fundi asiyeweza kulijibu swali la tatu hajawa tayari kupandisha jukwaa.